Uongo wa Alois Usipotee

Mjukuu wangu Lenard huniita mke wangu, nami humwita mume wangu, kama walivyo bibi na mjukuu wa kiume popote huku kwetu. Kwa hiyo simu ilipolia asubuhi ile, nikiwa bado nachochea moto wa chai hapa Mjimwema, niliipokea kwa maringo.

"Mume wangu, leo umenikumbuka. Sukari umetuma?"

"Shikamoo, mke wangu. Sukari baadaye. Diski moja imekufa."

Nikakaa kwenye kigoda. Lenard haachi utani haraka namna hiyo mpaka jambo liwe zito.

Yeye anafanya kazi Makambako, kwenye nyumba ndogo iitwayo Nyumba ya Sauti, karibu na reli. Humo zimehifadhiwa sauti za wazee wa mkoa huu: nyimbo za Kibena, hadithi za Kikinga, na sisi Wapangwa wa Ludewa tumo pia, na maneno yetu mengi. Zote zimo ndani ya mashine moja ya zamani, nzito kama gunia la viazi, iliyoletwa na wageni waliokuwa hawaihitaji tena. Inaitwa seva, na inaendeshwa na programu ya kale iitwayo Unix. Lenard akilitaja neno hilo hunyoosha mgongo kama mtu anayetaja ukoo wake.

Ndani ya mashine mna diski mbili pacha. Linaloandikwa kwenye moja huandikwa palepale kwenye nyingine, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Nakala nyingine hakuna popote. Wazee walipokubali kurekodiwa waliweka sharti kwamba sauti zao zisitoke ndani ya nyumba ile. Hawakutaka wimbo wa msiba uje kupigwa baa kutoka kwenye simu ya mlevi. Anayetaka kusikia aende, apige hodi, akae, apewe chai, asikilize. Waliosimamia kazi wakasema sawa, tena wakajipa moyo: diski si zipo mbili?

Sasa ilikuwa imebaki moja.

"Na hiyo iliyobaki ni mzee kama mwenzake," Lenard akasema. "Ikifuata, tumekwisha. Babu naye amekwisha."

"Babu yako alikwisha mwaka juzi," nikamwambia. "Nilikuwepo."

"Mke wangu, unajua ninachosema."

Nilijua. Mume wangu Alois, kabla hajafariki, alikwenda akakaa mbele ya kinasa sauti akaeleza maisha yake. Lenard aliyekuwa akirekodi aliniambia kwamba babu alieleza vizuri sana habari za kilimo, za kuhama Ludewa, za ujenzi wa kanisa, kisha akafika kwenye habari za ndoa akadanganya mchana kweupe. Alisema mimi ndiye niliyemfuata. Alisema siku ya sikukuu ya parokia nilimzungusha uwanja mzima nikiwa na kikombe cha togwa mkononi, mpaka akakinywa ili apumzike.

Alois! Mtu aliyekuja kuezeka upya paa la baba yangu, paa ambalo halikuwa linavuja!

Nilipoambiwa habari hizo nilisema zifutwe. Alois akacheka mpaka akakohoa. Alipofariki, Lenard alinialika mara nyingi niende nikasikilize, nami nikawa nasema siwezi kupanda gari kwenda kusikia uongo. Nilisema hivyo kila aliponialika.

"Ipotee tu," nikamwambia Lenard kwenye simu. "Ni uongo."

"Basi sawa. Maana diski ya kuweka badala yake ipo kwa Mzee Nikodemo, hapo jirani yako. Nilitaka umwambie aitume na mtu yeyote anayekuja huku. Lakini kama unaona ipotee..."

"Nani amesema nimemaliza kuongea? Isitikiswe?"

"Isitikiswe. Isianguke, isilowe."

"Mtu yeyote ataiangusha," nikasema. "Nakuja nayo mwenyewe."

Kisha nikamsikia akicheka puani, sawasawa na babu yake.

Mzee Nikodemo alikuwa fundi wa mashine za ofisi kabla hajastaafu. Ghalani kwake mashine za zamani zimekaa pamoja na mahindi, na mkewe amekwisha kuchoka kusema. Nilimkuta anapalilia vitunguu.

"Kamwene, mama Asteria," akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, baba."

Tukaulizana habari za watoto, za baridi, za nguruwe wake aliyezaa, na za shamba lake la miti kule Kifanya. Lenard amekwisha kunifundisha kwamba siku hizi watu huanza na shida yao moja kwa moja. Mimi sijaona walichookoa kwa haraka hiyo. Tulipomaliza, Nikodemo akaifuata ile diski ghalani bila mimi kuitaja, maana Lenard alikwisha kumpigia.

Ilikuwa nzito kama tofali dogo. Alikuwa ameitunza ndani ya mfuko wake unaong'aa, ule ule iliokuja nao zamani, na juu yake akafunga blanketi la mtoto.

"Hili blanketi ni la mjukuu wangu," akasema. "Utanirudishia siku yoyote. Na usinipe kitu, usije ukanitukana. Mimi na Alois tulikuwa marafiki."

"Asante, baba. Mungu akuzidishie."

"Lakini hebu niulize. Si wewe uliyesema sauti ya Alois ifutwe? Mbona umefika hapa umande haujakauka?"

"Nampelekea mjukuu kitu chake cha kazi."

"Ahaa," akasema Nikodemo. "Kitu cha kazi." Akarudi kwenye vitunguu vyake, mabega yakitikisika.

Sadock, kijana wa Mjimwema mwenye pikapu, alikuwa anapeleka kabichi Makambako. Akanipa kiti cha mbele. Niliifunga diski mgongoni kwa khanga nilipokuwa nikitembea, lakini garini niliihamishia mbele, nikaipakata. Sadock alipofika kwenye matuta alipunguza mwendo hata gari la magogo likatupigia honi.

"Pita, baba, nina mtoto mchanga ndani!" akamwambia yule dereva dirishani.

Mbele tukasimamishwa na askari wa barabarani. Aliangalia leseni ya Sadock, akaangalia kabichi, kisha akainama kwangu.

"Shikamoo, bibi. Mbona mtoto amefunikwa hivyo? Atapumua kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapumui."

Uso wa yule askari ulibadilika hata nikamwonea huruma. Ikabidi nifunue blanketi. Alipoona chuma, akaguna, kisha akasema kwa heshima, "Haya, bibi. Mfunike, kuna upepo." Akatupungia mkono tuendelee. Nasema ukweli, nchi hii ina watu wema, hata walio kazini.

Makambako upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, unaotafuta mahali ambapo kifungo kimelegea. Mlangoni pa Nyumba ya Sauti alitoka msichana mwembamba mwenye shela, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Jackline. Karibu sana, pole na safari."

Nilikuwa nimemsikia Jackline muda mrefu. Ndiye anayepokea wageni wa nyumba ile na kuwapikia chai. Miezi kadhaa Lenard alikuwa akilitaja jina lake kwenye simu pasipo sababu. Jackline anasema mvua imenyesha. Jackline anasema bei ya viazi imepanda. Nikaona nimpime. Nikamtumia zawadi ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, kikubwa cha kutosha meza nzima, chenye maua pembeni. Naye akanirudishia dawa ya kuchua magoti, tena si moja, mbili. Lakini tulikuwa hatujaonana.

"Kumbe ndiye wewe mke mwenzangu," nikamwambia. "Umenichukulia mume, na bado unapiga goti?"

Akaficha uso kwenye shela. "Bibi, sijamchukua."

"Basi anakudharau? Nimpige?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na aliponipokea kikapu mikono yake ilikuwa baridi. Nikaweka hilo moyoni.

Lenard alikuwa chumba cha ndani, amepiga magoti mbele ya mashine na bisibisi mdomoni. Alikuwa amepungua. Mwezi mzima alikuwa Iringa kwenye mafunzo, na alirudi jana yake Jackline alipompigia kwamba mashine inalia. Aliipokea diski kwa mikono miwili, akaangalia mfuko, akaangalia namba zilizoandikwa pembeni, akapumua.

"Yenyewe. Mke wangu, umeleta yenyewe kabisa."

"Ulifikiri nitaleta tofali?"

Chumba kile kilikuwa na joto zuri, kuliko chumba chochote nilichoingia tangu baridi ianze. Mashine ndiyo iliyokuwa ikilitoa. Nikavuta kiti karibu. Ndani yake mlikuwa na sauti kama nyuki walio mbali.

"Iliyokufa ni ipi?" nikauliza.

"Mashine inasema ni namba moja. Lakini yenyewe inahesabu kuanzia sifuri."

"Kwa hiyo namba moja ni ya pili."

"Ndiyo."

"Mume wangu, ndiyo maana huoi. Ukioa, mke wa kwanza utamwita sifuri."

Jackline akatoka nje haraka kwenda kuangalia chai, na nikamsikia akicheka kweli safari hii.

"Shida ni kwamba vibandiko vyote vimebanduka," Lenard akaendelea. "Sijui ya pili ni ya juu au ya chini. Nikichomoa iliyo hai badala ya iliyokufa, basi."

"Basi nini?"

"Basi babu ananyamaza."

Hakusema kwa utani. Nami sikujibu kwa utani.

Akafungua kifuniko cha mbele ili aone taa za diski. Kisha akaingiza kidole kwenye matundu ya kuvutia hewa akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa manyoya manyoya ya uzi wa sweta, rangi ya kijani. Akatoa mengine. Matundu yalikuwa yameziba kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Jackline!" akaita. "Njoo mara moja."

Akaja, birika mkononi.

"Mashine hii ilifunikwa na nini?"

Msichana akaangalia sakafu.

"Jackline, nimeuliza. Imezibwa, imepikwa kwa joto lake yenyewe. Taa ya hatari imewaka mbele hapa sijui tangu lini, na hakuna aliyeiona kwa sababu imefunikwa. Nani alifunika?"

"Ni mimi," akasema. "Ni shela yangu. Nilikuwa naianika hapa. Nisamehe."

"Unaanika nguo juu ya seva!"

"Nisamehe, Lenard."

Nikaangalia shela yake. Ilikuwa nyeupe. Nikaangalia yale manyoya kwenye kidole cha mjukuu wangu, nikayajua kama ninavyojua mkono wangu. Kijani kile hakiuzwi dukani siku hizi. Kilikuwa cha sweta ya Alois, aliyoivaa mpaka viwiko vikatoboka. Baada ya msiba nilishindwa kuigawa nikashindwa kuitazama, basi nikaifumua, nikafuma kitambaa kikubwa chenye maua pembeni.

Msichana huyu alijua akitaja kitambaa, Lenard atauliza kimetoka wapi. Akaona ni afadhali aonekane mjinga yeye, kuliko bibi mgeni aaibike siku ya kwanza.

"Jackline, mwanangu," nikasema, "lete kitambaa changu."

Akasimama tu na birika lake.

"Kilete. Umekificha wapi, kwenye droo?"

Alikwenda akakileta, kimekunjwa vizuri, kimefuliwa. Akaeleza polepole, akimwangalia Lenard kwa kuibia. Wakati Lenard akiwa Iringa, wazee kutoka Ludewa waliandika kwamba watakuja kusikiliza sauti za ndugu zao. Akaona aibu mashine ikae uchi mbele ya wageni kama debe. Kila nyumba nzuri aliyoijua, kitu cha thamani hufunikwa kitambaa. Redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, makochi hufunikwa. Naye hakuwa na kitambaa kizuri kuliko kile, wala nyumba ile haikuwa na kitu cha thamani kuliko mashine. Akaifunika mpaka chini. Wageni wakasifu. Wageni walipoondoka, baridi ikazidi, akaona aiache hivyo hivyo.

"Nilijua inasikia baridi," akamalizia kwa sauti ndogo.

Seva kusikia baridi! Nikaona kicheko kinapanda shingoni mwa Lenard na hasira inakikanyaga.

"Hicho ni cha babu yako," nikamwambia. "Ni ile sweta yake ya kijani, nimeifumua. Amejifunika mwenyewe akajiziba pumzi. Umlaumu nani hapo? Alois hata akiwa hai alikuwa akilala na sweta."

Hasira ikashindwa. Lenard alicheka mpaka akakaa chini, na Jackline akacheka huku akijifuta machozi kwa ile shela nyeupe. Mimi nilishika kitambaa changu nikakikunja kidogo zaidi.

"Ilikuwa mzee hata hivyo," Lenard akasema alipotulia, bila kumwangalia yeyote. "Diski ya umri ule ingekufa tu. Joto liliisukuma kidogo." Akamgeukia Jackline. "Na wewe, usinidanganye tena kwa ajili ya bibi. Huyu hana aibu, utapoteza nguvu zako bure."

"Nitakudanganya nikitaka," Jackline akamjibu.

Nikampenda.

Baada ya kusafisha matundu Lenard alirudi kwenye kazi yake. Akaiagiza mashine isome diski iliyo hai tangu mwanzo hadi mwisho, pasipo kuandika chochote, ili taa yake ifanye kazi. "Itakayopepesa ndiyo nzima," akasema. Tukainama wote watatu. Taa ya juu ikaanza kupepesa, kijani, haraka haraka, kama jicho la mtu aliyeingiwa na mdudu. Ya chini ilikuwa na taa ya njano tu, imetulia tuli.

"Ya chini," akasema Lenard.

"Hakikisha."

Akasimamisha usomaji, taa ya juu ikazima. Akauanzisha tena, ikapepesa. Ndipo akaiambia mashine iisahau iliyokufa, isiendelee kuisubiri. Akavuta kishikio. Ikatoka ikiwa na vumbi. Akaifungua diski ya Nikodemo kutoka kwenye blanketi na mfuko wake, akaitelezesha ndani mpaka ikasema *ka*. Tukasikia inaanza kuzunguka, kwanza kwa kunung'unika, kisha ikaingia kwenye wimbo wa wenzake.

"Tayari?" nikauliza.

"Bado. Hii ni tupu. Sasa iliyo hai inamsimulia mwenzake kila kitu. Na hapa ndipo hatari ilipo, maana ni mzee, na anabeba mzigo wote peke yake. Akichoka katikati..."

Kwenye skrini kulikuwa na namba ya asilimia, ndogo, na haikuwa na haraka.

Hatukuwa na la kufanya ila kukaa. Jackline alileta chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Aliniletea na maji ya moto kwenye beseni, niweke miguu, bila kuulizwa. Treni ya mizigo ikapita, sakafu ikatetemeka, na sote watatu tukanyoosha mikono kuishika mashine, kana kwamba tungeweza kuituliza. Ilipopita tulioneana haya.

"Mke wangu," Lenard akasema, "si ulisema ipotee?"

"Kunywa chai yako."

"Nauliza tu. Mtu amepanda gari la kabichi, amepakata chuma kama mtoto, kwa ajili ya uongo?"

Nikaangalia ile namba. Nilitaka kumjibu kwa utani, nikakosa. Nikamwambia kwamba nyumbani nina picha za Alois, nina kofia yake, nina jembe lake, na vyote hivyo vinanyamaza. Uongo wake ndio pekee unaoongea.

Lenard aliweka kikombe chini. Hakuniita mke wangu. Aliniita bibi, akavuta kiti chake karibu, tukaisubiri namba pamoja.

Jua lilikuwa limegeuka dirishani ilipofika mia. Taa zote mbili, ya juu na ya chini, zikawa kijani. Lenard akazikagua, akaandika jambo kwenye kibodi, akakagua tena, kisha akaegemea ukuta akafumba macho.

"Pacha wamerudi," akasema. "Na safari hii nitawaomba wazee ruhusa ya nakala ya tatu, ikae kwenye sanduku la kufuli, humu humu ndani. Diski mbili si akiba. Ni kitu kimoja kinachojitazama kwenye kioo."

Ndipo akaniuliza kama nilitaka kusikia. Nikasema nimekuja mbali, si vibaya. Jackline akataka kutoka, nikamwambia akae, yeye ni wa nyumbani.

Alois aliongea. Alikohoa kwanza, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo la kujisifu. Alieleza Ludewa, alieleza kanisa, kisha akafika kwenye uwanja wa parokia na kikombe cha togwa. Uongo mtupu, tena umepambwa! Alisema nilikuwa na kilemba chekundu. Sijawahi kuwa na kilemba chekundu. Mwishoni, alipodhani amemaliza, ilisikika akimwambia Lenard kwa sauti ya chini, "Bibi yako akisikia hili atakuja mbio kunijibu." Kisha akacheka.

Jackline alinipa ncha ya shela yake nifute macho.

"Kinasa kipo?" nikamwuliza Lenard.

"Kipo."

"Kiwashe. Ametangulia, lakini hatakuwa wa mwisho kusema."

Akakiwasha. Nikamsalimu Alois kwanza, nikamwuliza habari za huko, kisha nikaeleza tangu mwanzo: uwanja, togwa, paa la baba yangu, na nani hasa alimfuata nani. Lenard na Jackline walicheka mpaka ikabidi watoke nje nianze upya. Nilipomaliza, taa za diski zikapepesa, ya juu na ya chini kwa pamoja.

Kitambaa cha kijani Jackline anakitumia sasa kufunikia birika la wageni, nalo halina matundu. Blanketi nilimrudishia Nikodemo. Aliponiuliza nilimjibu nini Alois, nilimwambia kama ninavyowaambia nyote: sharti ni sharti, sauti haitoki nje ya nyumba ile. Anayetaka kujua nani alimfuata nani aende Makambako, apige hodi, akae, anywe chai. Jackline atamkaribisha.